Nakshi isiyotoa sauti

Fidla inayopigwa katika taarabu ya Unguja ina kichwa kilichojikunja mfano wa konokono. Kichwa hicho hakitoi sauti hata kidogo. Nyuzi huishia chini yake, kwenye vigingi. Ukikikata, wimbo utabaki ule ule. Hata hivyo, fundi wa mkono huchukua mbao ngumu, akaipasua kwa msumeno, kisha akaichonga kwa bobari, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka upande wa kulia ulingane na wa kushoto.

Sizungumzii hapa hukumu ya muziki. Wanazuoni wamekhitalifiana na kila upande una hoja zake. Ninachohoji ni kazi ya mkono. Je, juhudi hiyo ni israfu au ni ihsani?

Wanaosema ni israfu wana hoja, kwani dini yetu inakataza kupoteza mali na wakati. Lakini Mtume (s.a.w) ametufundisha kuwa Mwenyezi Mungu ameamrisha ihsani katika kila jambo, hata katika kuchinja. Ikiwa mchinjaji ameamrishwa anoe kisu kwa ajili ya mnyama asiyeweza kushitaki, je, seremala atajibu nini juu ya sehemu ambayo sikio la mnunuzi haliwezi kuidai?

Antonio Stradivari wa Cremona, Italia, aliyefariki mwaka 1737, hakuwa Muislamu. Lakini fidla za mafundi wa zama zake zilipobadilishwa shingo katika karne ya 19, kichwa cha asili kilihifadhiwa, kikaungwa kwenye shingo mpya. Hadi leo wajuzi huangalia namna kichwa kilivyochongwa wapate kumtambua mchongaji. Pasipo na sauti ndipo mkono wake unapotoa ushahidi. Nasi Waislamu tunaamini kuwa Siku ya Kiyama mikono yetu itasema.

Sasa tujiangalie. Mijini kwetu kabati linang'aa mbele, nyuma limezibwa kwa ubao ulioliwa na bungua. Nondo zinapunguzwa kwa kuwa zege na plasta vitafunika. Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30. Siku kama hiyo, kilichofunikwa huonekana na kila mtu.

Sisemi kila kitu kitiwe nakshi. Nakshi inayoficha ubovu ni udanganyifu, na aliyetughushi Mtume (s.a.w) amejitenga naye. Nakshi inayokamilisha kazi nzuri ni jambo jingine. Ndugu msomaji, fundi anayechonga vizuri pale asipodaiwa na mtu, ndiye wa kumkabidhi nguzo utakayolaza watoto wako chini yake. Na wewe katika kazi yako, ofisini au dukani, ni sehemu ipi ambayo hakuna anayekukagua isipokuwa Mola wako?

Wabillahi tawfiq.