Maji ya Ggaba na Wakfu wa Ilimu

Mtu ashukaye Ggaba asubuhi na mapema, akalipita soko la samaki na wanawake wanaoanika dagaa waitwao mukene, hufika mahali ambapo ziwa la Nyanza limelala mbele yake, pana, lisilo mwenyewe wala mlango. Na si mbali na hapo atauona mtambo ambao tangu zama za Waingereza umekuwa ukiyavuta maji hayo hayo, kuyachuja, kuyatia dawa na kuyapandisha vilimani Kampala, ambako hufika yakiwa na mita na ankara. Nimewasikia watu wakiilalamikia ankara hiyo, wakisema kwamba maji ni ya Mungu. Wasema kweli, walakini mfereji wa Nakivubo, unaobeba taka za mji, humwagika katika ghuba iyo hiyo ya Murchison, na yule atakayeamua kuteka kwa mkono wake kando ya mitumbwi ili asimtegemee mtu yeyote, huenda akalazwa kwa kipindupindu kabla ya juma kwisha.

Maji haya yamenifikirisha sana juu ya jambo lisilokuwa na unyevu wowote, nalo ni uhuru wa mtu katika mambo ya kompyuta na intaneti. Suali lenyewe ni la kale kuliko mashine hizi: je, ilimu yaweza kuwa milki ya mtu, akaifungia na kuuza ufunguo, asiwe na taksiri mbele ya Mola wake na mbele ya wenziwe?

Mwaka 1983 Mmarekani aitwaye Richard Stallman, aliyekuwa fundi katika maabara ya chuo cha MIT, alitangaza azma ya kuandika mfumo mzima wa programu ambao kila mtu angekuwa na ruhusa ya kuuendesha kwa kusudi lolote, kuusoma ndani na kuubadili, kuwanakilia jirani zake, na kuwapa pia kile alichokirekebisha. Waingereza na Wamarekani wamesumbuka miaka mingi kueleza jambo hili, kwa kuwa lugha yao ina neno moja tu kwa kitu kilicho huru na kitu kilicho bure. Sisi tuliopewa maneno mawili tangu utotoni tuna bahati, maana kila mtoto wa Pwani ajua kwamba mtumwa aliweza kulishwa bure maisha yake yote asiwe huru hata siku moja.

Lililonishangaza mimi ni sharti lililotiwa mwaka 1989 katika hati ya ruhusa ya programu hizo, kwamba atakayezitoa kwa wengine, hata ikiwa amezibadili, hana budi kuzitoa pamoja na ruhusa zile zile alizozipokea. Nani aliyekulia Unguja, Lamu au Mombasa atalisoma sharti hilo asikumbuke wakfu? Nyumba, shamba la minazi au kisima kikishawekwa wakfu hakiuzwi, hakirithiwi, hakitolewi hiba, na sharti la aliyekiweka hudumu naye mwenyewe akiwa kaburini. Seyyidna Uthmani alikinunua kisima cha Ruma, Madina, kwa mali yake, akawaachia watu wateke. Stallman hana dini, wala sidai kwamba alipata kuwaza visima vya Madina. Nasema tu kwamba akili mbili zilizo mbali zimefika kwenye fundo moja la kamba. Tena mwenye kisima angalau ana udhuru wa kukifunga, kwa kuwa maji hupungua kwa kutekwa. Mwenye ilimu hana hata udhuru huo.

Hapo wapenzi wa programu huru huishia, nami ndipo ninapoingiwa na wasiwasi, kwa kuwa wakfu usio na mutawalli, yaani msimamizi wa kuutunza, ni gofu linalongoja mvua. Aprili 2014 ulitangazwa ufa katika OpenSSL, programu huru ambayo sehemu kubwa ya intaneti ilikuwa ikiitegemea kwa kufuli zake. Ufa ule ulikuwa umekaa humo kiasi cha miaka miwili, wazi kwa yeyote mwenye macho, nao walinzi walikuwa wachache mno, mmoja tu kati yao akiifanya kazi hiyo kwa siku nzima. Matajiri wa dunia walikuwa wakiteka, na hakuna aliyeuliza ni nani azibuaye kisima.

Walakini si kila wakfu wa namna hii umekosa mutawalli. Ni karibu na Eldoret, nchini Kenya, katika kituo cha afya cha Mosoriot, ambako mwaka 2001 waganga wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Indiana walianza kuandika habari za wagonjwa katika kompyuta. Kutokana na kazi ile ikazaliwa OpenMRS, programu huru, na juu yake Uganda ikajenga UgandaEMR yake. Siri ya mgonjwa ni amana. Imefungwa kwa kufuli ambayo umbo lake kila fundi aweza kulikagua, na ufunguo ukabaki kwa mganga. Wakfu huo una mutawalli, na mutawalli anakula mshahara.

Ama kujitenga, kama yule atekaye kwa mkono wake kando ya mitumbwi, hilo ni jambo jingine. Julai 2018 serikali ya Uganda ilipotoza shilingi 200 kwa siku kwa mitandao ya kijamii, watu wengi waliikimbia kodi kwa kupitia VPN, milango ya kando ya intaneti, aghalabu zile za bure, wasijue mwenye mlango ni nani wala aandika nini katika daftari lake. Na mkesha wa uchaguzi wa Januari 2021, intaneti ya nchi nzima ilipozimwa kwa siku kadhaa, aliye na programu huru na asiye nayo walinyamaza pamoja, kwa sababu waya haukuwa wa yeyote kati yao, ijapokuwa yule wa kwanza aliweza angalau kuendelea kuandika katika mashine yake bila kumwomba mtu ruhusa.

Kijana mmoja auzaye mukene karibu na gati alinieleza kwamba siku zile madeni yake yote yalikuwamo katika daftari la karatasi, naye hakupotelewa na kitu. Nikamwambia kwamba basi yeye ndiye mtu huru kuliko sisi sote. Akacheka, akanambia, "Mzee, mvua ikinyesha, nalo hulowa."