Muhtasibu na Mlango Uliofungwa

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Kuamrisha mema na kukataza maovu ni wajibu wa umma, na kwa ajili hiyo miji ya Kiislamu ya kale iliwekewa muhtasibu. Huyo alizunguka sokoni na njiani, akikagua mizani, akimzuia amtwikaye mnyama kupita nguvu zake, akiondosha kilichowazibia watu njia. Ni mambo madogo hayo, lakini yasipoangaliwa, wa kwanza kudhulumika ni mnyonge.

Walakini Imamu Al-Mawardi, aliyefariki mwaka 1058, alimwekea mpaka: auzuie uovu ulio wazi, asiupeleleze uliositiriwa, ila pakihofiwa jambo lisilorudishika, kama mtu kuuawa. Na Abu Daud amepokea ya kwamba Mtume, s.a.w., alimwonya Muawiya kuwa mwenye kuzifuata aibu za watu huwaharibu, au hukaribia kuwaharibu. Sababu yake yaonekana. Aliyekwisha fichuliwa hana tena haya ya kulinda; na jirani aliyepeleka habari zake haaminiwi tena kwa amana wala kwa ushahidi. Mtaa hutulia, naam, lakini kwa hofu, si kwa ucha Mungu.

Al-Ghazali asimulia katika Ihya ya kuwa Sayyidna Umar, r.a., alipanda ukuta wa nyumba ya mtu, akamkuta katika maasi, akamkemea. Yule akamjibu kwamba ikiwa yeye amemuasi Mungu kwa moja, Amiri wa Waumini amemuasi kwa matatu: amepeleleza, ameingia pasipo mlango, wala hakutoa salamu; na yote matatu yamekatazwa katika Kurani. Umar, ambaye bakora yake iliogopwa Madina nzima, akamwacha, akamsharutisha kutubu.