Bei ni Maelewano, Lakini Nani Anaelewa?

Kuna maneno ambayo kila anayeenda sokoni Kenya ameshayasikia: bei ni maelewano. Yanasemwa kwenye viatu, kwenye mashamba, kwenye kuku. Na msimu wa baridi ukifika, kati ya Juni na Agosti, yanasemwa pia kwenye masoko ya wakulima ya nyanda za juu, pale ambapo kando ya viazi, kabeji na asali hutandikwa meza za sufu: sweta, shali, kofia za watoto, blanketi, na mafundo ya uzi ambao bado unanuka kondoo kidogo. Mteja anashika sweta, anaigeuza ndani nje, anauliza bei. Akiambiwa elfu nne, anacheka kile kicheko tunachokijua sote. "Punguza, mama. Bei ya mwisho ni ngapi?"

Swali langu ni hili: huyo mteja anamwomba mama apunguze nini hasa?

Wengi watajibu, anapunguza bei, kwani kuna kingine? Kipo. Bei si kitu kimoja. Ni kifurushi, na ndani yake kuna vitu ambavyo haviwezi kupunguzwa hata mkikaa hapo mpaka jioni.

Tuanze na kondoo mwenyewe. Si kila kondoo ana sufu ya kufumia. Kondoo mwekundu wa Kimaasai na Dorper wanafugwa zaidi kwa nyama. Sufu inatoka kwa kina Corriedale na Merino, kondoo wanaopenda baridi ya sehemu kama Molo, Nyandarua na Timau. Ukishawanyoa bado hujapata uzi. Una rundo la manyoya yenye mafuta, vumbi, majani na kinyesi. Linaoshwa, na likioshwa linapoteza uzito mwingi. Linachambuliwa kwa vidole, linachanwa mpaka nyuzi zilale upande mmoja, linasokotwa, linapakwa rangi, linakaushwa. Ndipo kufuma kunaanza. Karibu na Nanyuki kuna wanawake ambao wamefanya kazi hii kwa pamoja tangu miaka ya 1970, na ukiwatazama wakisokota utaona kwamba mguu, mkono na jicho vyote viko kazini kwa wakati mmoja. Ukizubaa kidogo, uzi unakatika.

Sasa tupige hesabu ya mfano tu. Tuchukulie sweta ya shilingi 4,000. Uzi umemgharimu mfumaji 1,500. Meza ya soko, 200. Nauli ya kwenda na kurudi, 300. Zimebaki 2,000. Kama amefuma kwa saa 40, kila saa imemlipa shilingi 50. Mteja akifaulu kuishusha bei hadi 3,000, anaenda nyumbani akijisifu kwamba amepunguziwa robo. Lakini mwenye kondoo hajapunguziwa kitu. Makanga hajapunguziwa. Mwenye soko naye hajapunguziwa. Elfu moja yote imetoka mahali pamoja, kwenye zile saa 40, na sasa kila saa inalipa shilingi 25. Robo ya bei imekuwa nusu ya mshahara.

Hilo ndilo jambo ambalo neno "punguza" linatuficha. Tunadhani tunabishana na bei, kumbe tunabishana na mkono wa mtu.

Kuna mtu atanijibu hapa, na jibu lake lina uzito: nani alisema saa nyingi zinamaanisha thamani kubwa? Nikichimba shimo kwa kijiko kwa wiki nzima, si lazima ulinunue. Karl Marx mwenyewe, ambaye hakuna atakayemshuku kwamba alikuwa upande wa matajiri, aliliona hili. Katika kitabu chake cha Capital cha mwaka 1867, alieleza kilichowapata wafumaji wa mkono wa Uingereza mashine za kufumia zilipoingia. Mfumaji aliendelea kutumia muda uleule, lakini mashine ilikuwa imepunguza muda wa kutengeneza kitambaa karibu kwa nusu. Saa yake moja ikawa na thamani ya nusu saa. Yeye hakubadilika hata kidogo, ila dunia iliyomzunguka ilibadilika.

Na kwetu dunia imebadilika mara mbili. Kuna mashine, halafu kuna mitumba. Asubuhi ya baridi pale Gikomba unaweza kupata sweta ya sufu safi kwa bei ambayo haitoshi hata kununua uzi wa mama wetu. Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba hatua kwa hatua ili kulinda viwanda vya nyumbani. Marekani ilipotisha kuondoa nafuu za kibiashara, Kenya ilirudi nyuma. Rwanda ilishikilia msimamo, na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafuu hiyo kwa upande wa nguo. Mimi simlaumu anayevaa mitumba. Mzazi mwenye watoto watatu na shilingi mia sita hana deni la kimaadili kwa mfumaji yeyote. Na yule anayeuza mitumba naye ana watoto.

Kwa hivyo sisemi kwamba tuna wajibu wa kununua. Saa 40 za mtu mwingine hazinifungi mimi kutoa pesa. Nikipita meza yake bila kununua, sijamkosea. Nikimwambia, "Kazi nzuri, mama, lakini leo siwezi," nimemwambia ukweli na nimemwachia heshima yake.

Wajibu unaanza pale ninapoitaka ile sweta, ninapoweza kuilipia, na bado najaribu kuipata kwa nusu ya mshahara wake kwa sababu najua saa tisa imefika na hajauza kitu. Hapo sitafuti maelewano tena. Ninatumia shida yake. Na angalia jinsi tunavyochagua mahali pa kuwa wajanja: kwenye supamaketi, hakuna anayemuuliza keshia bei ya mwisho ya mkate. Ukali wetu tunauweka kwa mtu ambaye anaweza kutusikia, na ambaye akikataa atalala na bidhaa yake.

Lakini maelewano yana pande mbili, na mwuzaji pia ana yake. Anayetaja elfu sita akijua anataka elfu tatu amemwalika mteja kwenye mchezo, na asilalamike ukichezwa. Na anayeuza akriliki kwa jina la sufu ni mwizi, hata kama amefuma kwa mkono wake. Unaweza kumpima: choma kipande kidogo cha uzi. Sufu inanuka kama nywele zilizoungua na hujizimia yenyewe, lakini akriliki inayeyuka na kuacha donge gumu. Pia "kazi ya mkono" si kisingizio cha mshono unaofumuka wiki ya pili. Mtu akinunua kwa huruma, mfumaji amepewa sadaka badala ya malipo, na fundi anayejua kazi yake hataki sadaka.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa sufu, methali hii haitoshi. Sweta nzuri inaweza kukaa mezani Jumamosi nne mfululizo, kwa sababu uzuri wake mwingi umefichika: uko kwenye kuosha, kuchana, kusokota, mambo ambayo mnunuzi hayaoni. Haiwezi kujiuza mpaka mtu aulize.

Na ndiyo maana nalipenda neno lenyewe, maelewano. Limetoka kwenye kuelewa. Halisemi kwamba bei ni vita, wala kwamba mwenye njaa zaidi ndiye ashindwe. Linasema tutafika kwenye bei baada ya kila mmoja kumwelewa mwenzake. Basi kabla ya "punguza", uliza: uzi huu umesokotwa na nani? Ilichukua siku ngapi? Unabakiwa na ngapi? Naye mwuzaji ajibu kweli. Baada ya hapo, kama bado unaona bei ni kubwa, sema. Angalau sasa unajua unachoomba kipunguzwe, na yeye anajua kwamba unajua.