Hakimu Aonaye Mkono Mmoja

Pengine msomaji wetu atastaajabu kuona twataja michezo ya video katika kurasa hizi. Twamwomba asifanye haraka. Hatukukusudia hapa kutoa hukumu ya dansi. Hilo lina mahali pake. Tulilokusudia ni swali moja: je, aliyepata alama bila ya kutenda jambo lililokuwa likipimwa, amepata nini?

Mwaka 2006 kampuni ya Nintendo ya Japani ilitoa chombo kiitwacho Wii, ambacho ndani ya rimoti yake mna kifaa kidogo kinachohisi mwendo wa mkono unavyobadilika, juu na chini, kulia na kushoto, mbele na nyuma. Mwaka 2009 kampuni ya Ubisoft ya Ufaransa ikakitumia chombo hicho kwa mchezo wa Just Dance. Mchezaji hushika rimoti kwa mkono wa kulia, humuiga anayecheza katika televisheni, na mashine humpa alama. Lakini mashine haimwoni. Haina khabari ya miguu yake, wala kiuno, wala mkono wa kushoto. Yaujua ule mkono mmoja tu. Kwa hivyo mtu aweza kukaa kitako kitini, akatikisa mkono kwa wakati wake, akamshinda mwenziwe aliyecheza kwa mwili mzima hata jasho likamtoka.

Je, aliyekaa amedanganya? Wako watakaosema: la, kwani mashine haikumwekea sharti la miguu. Hoja hii si dhaifu. Mashine haina haki ya kudhulumiwa. Walakini mwenziwe anayo, maana yeye alidhani wanashindania dansi, kumbe mmoja wao ashindania alama. Na hata akicheza peke yake, amejidhulumu nafsi yake: alitaka kucheza, akabakiwa na hisabu iliyoandikwa katika kioo.

Itasemwa: dawa ni kuleta hakimu aonaye zaidi. Naye aliletwa. Novemba 2010 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilitoa Kinect, jicho la kuwekwa mbele ya mchezaji, lenye kutupa madoa ya mwanga usioonekana na macho yetu, likajua umbali wake na kufuata viungo 20 vya mwili. Mwaka huo huo ukatoka mchezo wa Dance Central, na miguu nayo ikahisabiwa. Lakini jicho lionalo zaidi huingia zaidi nyumbani. Mwaka 2013 Microsoft ilitangaza kwamba chombo chake kipya, Xbox One, hakitafanya kazi bila ya kuunganishwa na Kinect. Watu wengi wakachukia kuwekewa kamera katika vyumba vyao, na kabla ya chombo kutoka, kampuni ikaliondoa sharti hilo. Mwaka 2017 ikaacha kabisa kuitengeneza Kinect.

Basi twaona hakimu wa nje ana aibu mbili: aonapo kidogo hudanganywa, na aonapo kingi huudhi. Wala hata huyo wa pili hakujua kama mchezaji alifurahi au alitaka sifa tu.

Na jambo hili halimo katika mchezo peke yake. Mwanafunzi akaririye majibu ya mtihani bila ya kuelewa, na mtumishi ashikaye jembe bwana anapopita tu, wote wamekaa kitini wakitikisa mkono. Sisi wazee twawauliza watoto wetu, "Umepata alama ngapi?" wala hatuwaulizi, "Umejifunza nini?" Kisha twalalamika kwamba wamejua hila.

Yatupasa tuanze na swali letu wenyewe. Mtoto aulizwaye kila siku alichojifunza atazoea kujiuliza mwenyewe, na huyo atasimama na kucheza kwa miguu yote miwili hata pale ambapo mashine yahisabu mkono mmoja.