Kipimo cha Wiki Mbaya

Anayeweka ahadi Januari si yule atakayeitimiza Juni. Jina ni moja, lakini wa Januari ametoka kupumzika, amekula sikukuu na jamaa zake, na mwaka mzima uko mbele haujaguswa. Wa Juni ana mtoto anayeumwa, kodi ya nyumba imefika, na kazini anadaiwa ripoti leo leo. Malengo mengi huvunjika kwa sababu wa kwanza alimpangia wa pili kazi bila kumuuliza. Naliona hilo kuwa suala la haki kabla ya kuwa suala la bidii. Tumezoea kumlaumu aliyeshindwa kwamba hana nia. Ni nadra kumhoji aliyepanga.

Wapo watu waliokwisha kulitatua jambo hili. Ni wanachama wa vikundi vya kuweka na kukopa, hasa kina mama, vilivyoenea vijijini na mitaani Afrika Mashariki kwa mfumo ulioanzia Niger mwaka 1991. Mzunguko mpya unapoanza, ambao kwa kawaida huchukua kama mwaka mmoja, wanachama hukaa na kukubaliana bei ya hisa. Kanuni ni kwamba iwe bei ambayo mwenye kipato cha chini kuliko wote anaweza kuitoa kila wanapokutana. Kisha kila mmoja hununua hisa 1 hadi 5. Fedha huhesabiwa mbele ya wote, mihuri hugongwa kwenye kitabu cha mwanachama, na sanduku hufungwa kwa kufuli 3 ambazo funguo zake hukaa kwa watu 3 tofauti. Aliyeuza vizuri gulioni atagongewa mihuri 5. Wiki nyanya zikimwozea atagongewa 1, na ni mwanachama kama wenzake.

Wengi hukisifu kima cha chini. Kinachonifikirisha zaidi ni kile cha juu. Kwa nini mwenye fedha azuiwe kununua hisa 10? Kikundi kina sababu yake: wenye nacho wasije wakakimeza. Lakini kwa mtu na nafsi yake, kanuni hiyo inafanya kazi nyingine. Siku tuliyo na nguvu ndiyo hutudanganya. Mtu anaanza kukimbia asubuhi. Siku ya nne anajisikia vizuri, anaongeza mwendo mara mbili. Kesho yake goti linauma, na wiki inayofuata ameacha kabisa. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Siku nzuri isipowekewa mpaka hugeuka kipimo cha siku zote, na mbele ya kipimo hicho kila siku ya kawaida itaonekana ya kushindwa.

Nitaambiwa kwamba huku ni kufundisha watu kuridhika na kidogo. Hoja hiyo ina uzito, maana yapo mambo yasiyokwenda kwa hisa moja moja. Anayepigwa nyumbani hahitaji mpango wa kuondoka polepole mwaka mzima. Anahitaji kukata shauri na kusaidiwa. Ila kuweka akiba, kusoma, kutunza mwili, kukaa na watoto: haya hayana siku ya kumalizika, na ukubwa wake uko katika kudumu kwake. Waislamu wana hadithi mashuhuri ya Mtume inayofundisha kwamba Mwenyezi Mungu hupenda zaidi amali inayodumu, hata ikiwa ndogo. Kila Ramadhani tunaona sababu yake, pale safu za sala ya tarawehe zilizofika mlango wa msikiti usiku wa kwanza zinapopungua katika kumi la kati la mwezi.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, usiyapange malengo yako jioni uliyoshiba na kufurahi. Yapange katika wiki iliyokuchosha, ukiwa na deni na usingizi, na ujiulize kwa hali hiyo ungeweza kutoa kiasi gani. Kiasi hicho ndicho hisa yako. Weka na kikomo cha juu, ukiheshimu kikomo hicho hata siku unayojisikia una nguvu za kuhamisha mlima. Na kama ahadi ya Januari imeshakufa, anza wiki hii kwa hisa moja.