Ushahidi wa Mchanga

Wengi wetu, tukiambiwa barazani kwamba bonde fulani limechimbwa na maji kwa maelfu na maelfu ya miaka, huuliza: nani alikuwako akahesabu? Swali hili si la kuchekwa. Ni swali la kadhi: habari ya jambo lisiloonwa na mtu yeyote, yakubaliwa kwa sharti gani?

Tuanze hapa petu. Asimamaye Utange akaelekea Mtwapa huona mkono wa bahari umeingia bara baina ya kingo mbili. Si bahari iliyolichimba bonde lile. Yapata miaka 20,000 iliyopita, maji mengi ya dunia yalipokuwa yameganda barafu, bahari ilikuwa chini kuliko leo kwa kiasi cha mita 120. Mito ya pwani ikashuka kuifuata, ikaukata mwamba. Kisha bahari ikapanda ikayajaza mabonde yake. Lakini mto unaokata hujifutia nyayo zake wenyewe, kwani hubomoa leo kingo ulizopita jana. Basi shahidi atapatikana wapi?

Hupatikana pangoni. Mto upitao kando ya mwamba wa chokaa huingiza mchanga katika pango lililo sawa na maji yake. Ukisha kushuka, pango hubaki juu, kavu, na mchanga ule ndani yake, haufikiwi na jua. Akijua mtu mchanga huo ulizikwa lini, na akapima kimo toka pangoni hadi mto wa leo, amejua mto umekata kwa mwendo gani. Ndivyo walivyofanya wataalamu katika Mammoth Cave, huko Kentucky, Marekani, wakatoa matokeo mwaka 2001. Mchanga ulio wazi hupigwa na mionzi ya angani, zikazaliwa ndani yake chembe adimu za alumini na za berili. Ukifichwa, hazizaliwi tena, bali hupungua: nusu ya alumini hutoweka kwa miaka kama 700,000, na nusu ya berili kwa muda kama mara mbili ya huo. Uwiano uliosalia ndio tarehe. Mchanga mwingine wa mle umekaa zaidi ya miaka milioni tatu.

Kwetu, pango la Panga ya Saidi huko Kilifi halikupimiwa mto, lakini mchanga wake ulihojiwa kwa njia iliyo jirani na hiyo. Chembe ya mchanga iliyozikwa hujiwekea akiba ya nguvu kutoka katika udongo uizungukao. Mwanga wa jua huifuta akiba hiyo yote. Mle alizikwa mtoto wa miaka kama mitatu, na mwaka 2021 ilitangazwa kwamba kaburi lake lina miaka 78,300, kwa kuzidi au kupungua 4,100.

Twawaomba wasomaji wasiipite haraka hiyo 4,100. Mjuzi aliyetaja kiasi awezacho kukosea ametoa ushahidi kwa adabu kuliko yule wa barazani asemaye “hakika” bila ya kupima. Nasi hukubali karina kila siku: nani alimwona mwizi akipita, hali nyayo zi matopeni? Twaona, basi, kwamba ushahidi wa namna hii hukubaliwa, kwa kadiri yake, wala asiyeukubali hana haki ya kuukataa kwa kuwa tu hakuwako.

Lakini ukikubaliwa, kuna haki inayotulazimu. Shahidi huyu hafi kwa uzee, hufa kwa jembe. Mchanga uliotunza hesabu kwa miaka 78,000 ukimwagwa juani, hesabu yake hufutika muda ule ule, wala hapana mtaalamu wa kuirudisha. Wapimaji wenyewe huuchukua kwa kuukinga na mwanga, wakaufungua katika chumba chenye taa hafifu nyekundu. Sisi tuchimbao mapangoni kutafuta mbolea ya popo, na tuvunjao miamba ya chokaa kwa ajili ya nyumba zetu, tumeuliza mara ngapi, kabla ya pigo la kwanza, kuna nini sakafuni?