Tajiri Akijenga Shule Kijijini, Shule ni ya Nani?

Liko swali ambalo huzuka mara kwa mara vijijini, nalo si jepesi. Mfanyabiashara aliyefanikiwa huja mbele ya wazee, akasema, "Nataka kuwajengea shule." Hapo watu hugawanyika. Hawa husema, "Na apewe kiwanja upesi, asije akabadili nia." Wale husema, "Mwenye duka hatoi bure. Leo atupa shule, kesho atataka mashamba." Tena wako wengine, nao ndio wengi, ambao hawasemi neno, bali mioyoni mwao hufurahi kwamba sasa hawatachangishwa tena. Yatupasa kuyapima mawazo haya matatu, kwani mtu asiyejua kupokea zawadi aweza kupata hasara kwa zawadi kama vile kwa deni.

Ili tusibishane bure, natwaa mfano mmoja wa kweli kutoka nchi ya Marekani, ambao mwanzo wake na mwisho wake vyote vimekwisha kuonekana.

Katika mji wa Chicago alikuwako mfanyabiashara jina lake Julius Rosenwald, aliyezaliwa mwaka 1862, mtoto wa Wayahudi waliohamia Marekani kutoka Ujerumani. Alikuwa mkuu wa kampuni ya Sears, Roebuck. Kampuni hii iliuza vitu kwa njia ya posta: mkulima aliye mbali na mji aliletewa kitabu kikubwa cha orodha ya bidhaa, chenye picha na bei, akachagua jembe la kukokotwa, au cherehani, au viatu vya watoto, akapeleka fedha, na mzigo ukamfikia kwa gari la moshi. Basi utajiri wa Rosenwald ulitoka kwa sehemu kubwa mikononi mwa wakulima. Lishikeni neno hili, kwa maana tutalirudia.

Mwaka 1911 alikutana na Booker T. Washington, mtu aliyezaliwa mtumwa, akawa mkuu wa chuo cha Tuskegee katika jimbo la Alabama. Wakati huo hali ya watoto weusi katika majimbo ya kusini ilikuwa ya kusikitisha. Serikali zilitenga shule za weusi na shule za weupe, na fedha nyingi zikaenda kwa weupe. Watoto weusi wengi walisomea kanisani, au katika kibanda kinachovuja, miezi michache tu ya mwaka, kisha wakarudi kuchuma pamba. Mwaka 1912, alipotimiza miaka 50, Rosenwald alitoa dola 25,000 kusaidia vyuo vilivyofuata mfano wa Tuskegee. Fedha kidogo zikabaki, na Washington akamwomba zitumike kujenga shule 6 ndogo za vijijini.

Hesabu ya mojawapo ya shule hizo, ile ya kijiji cha Loachapoka, yafaa kusomwa polepole. Gharama yote ilikuwa dola 942 na senti 50. Rosenwald alitoa dola 300. Weupe wa jirani walitoa dola 360. Weusi wenyewe walitoa dola 150 za kununua kiwanja, na kazi ya mikono yao iliyohesabiwa kuwa dola 132 na senti 50. Kwa hiyo tajiri, ambaye jina lake lilikuja kuitwa juu ya shule hizi zote, hakufikisha hata theluthi moja ya gharama.

Kazi ilipoenea, masharti yaliwekwa wazi. Kwanza, wenyeji wachange kwa fedha, au kwa mbao, au kwa nguvu zao. Pili, kiwanja na jengo viandikwe kuwa mali ya halmashauri ya shule za serikali. Rosenwald na kampuni yake wasiwe na haki juu yake. Tatu, serikali iitunze shule kama shule zake nyingine, na mwalimu apate mshahara wake huko. Hata ramani za majengo zilifikiriwa vema: madirisha makubwa yalipangwa pamoja ili mwanga wa jua umtoshe mtoto kusoma, kwa kuwa vijiji vingi havikuwa na umeme.

Kufikia mwaka 1932 zilikuwa zimejengwa shule 4,977, pamoja na nyumba za walimu 217 na karakana 163, katika majimbo 15. Gharama yote ilipita dola milioni 28. Tukiigawa katika mafungu 100, mafungu 64 hivi yalitoka katika kodi za serikali, 17 yalitoka kwa weusi wenyewe, 15 kwa Rosenwald, na 4 kwa weupe wengine. Fikirini, ndugu zangu! Watu ambao wengi wao walilima mashamba ya wengine na kugawana mavuno na mwenye ardhi walitoa zaidi ya tajiri wa Chicago.

Walizipata wapi? Wengine walitenga kipande cha shamba, wakapanda pamba, na mavuno ya kipande kile yakawa ya shule. Wengine waliuza kuku na mayai. Huko Boligee, katika Alabama, mzee mmoja aliyeziona siku za utumwa alikuja mkutanoni na mfuko mkuukuu, akaumimina juu ya meza. Zilikuwa dola 38, akiba ya maisha yake yote, naye akazitoa zote ili wajukuu na vitukuu wapate nafasi ambayo yeye hakuipata. Wahenga walisema, kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Sasa na tuyapime yale mawazo matatu.

La kwanza ni la wale wasemao kwamba mfanyabiashara hatoi bure. Ni kweli kwamba faida ya Rosenwald ilitoka kwa wakulima. Ni kweli pia kwamba mkulima aliyefundishwa huvuna zaidi, na mwenye mavuno hununua zaidi. Mwenye duka alijua hayo. Lakini je, jambo jema huwa baya kwa sababu aliyelitenda naye amepata faida? Fundi wa cherehani hushona nguo ili ale, wala hatuikatai nguo. Mwenye mashine ya kusaga huweka mashine kijijini ili apate fedha, na mama zetu hupumzika kutwanga. Si dhambi mtu kupata faida, maadamu mwenzake hakudhulumiwa.

Hata hivyo faida ina mpaka wake. Mfanyabiashara huenda palipo na wanunuzi. Mtoto wa mjane asiye na kitu cha kununua naye anahitaji kusoma. Kama tukiiacha elimu ifuate njia ya faida peke yake, shule zitajengwa kando ya barabara, na watoto wa mabondeni wataachwa. Kwa hiyo mwenye biashara aweza kusukuma gari la elimu, lakini haifai yeye peke yake achague njia.

Wazo la pili ni la wale wafurahio kwamba wamepona michango. Hawa nawaogopa zaidi. Shule ambayo watu hawakuitolea jasho ni kama nyumba ya kupanga: paa likivuja, kila mtu humtazama mwenye nyumba. Shule za Rosenwald zilitunzwa na wenyeji kwa sababu kila mmoja aliweza kuonyesha kidole ubao alioupiga msumari. Mtegemea cha nduguye hufa maskini; na kijiji kikitegemea cha tajiri, siku biashara ya tajiri ikianguka, shule nayo itaanguka.

Lakini hapa pana neno zito ambalo haki yatulazimu tulitaje. Wale weusi walikuwa walipa kodi. Walilipa kodi kama watu wengine, na kwa kodi hiyo watoto wa weupe walijengewa shule nzuri. Kisha wao, ili watoto wao wapate shule, waliambiwa wachange tena. Maana yake walilipa mara mbili kwa kitu kimoja. Je, zawadi ya tajiri haikuifunika dhuluma hiyo? Je, serikali haikupata kisingizio cha kulala usingizi, ikiona wengine wafanya kazi yake?

Hoja hii ina nguvu, wala sitaki kuipunguza. Jibu langu ni hili: sharti la kuikabidhi shule kwa serikali ndilo lililozuia zawadi isiwe kisingizio. Serikali zisizopenda kutoa zilivutwa kutoa, hata kodi ikafikia mafungu 64 katika 100. Na watoto walipata faida ya kweli. Mwaka 2011 wachunguzi wawili, Daniel Aaronson na Bhashkar Mazumder, walionyesha kwamba shule hizi zilipunguza sana tofauti ya elimu iliyokuwapo kati ya watoto weusi na weupe wa vijiji vya kusini. Lakini utengano wenyewe haukuondolewa na zawadi. Ulivunjwa katika sheria mwaka 1954 kwa hukumu ya mahakama kuu ya nchi ile, baada ya watu kudai haki yao. Zawadi ilijenga madarasa. Haki ilibidi idaiwe. Mtu asizichanganye hizi mbili.

Wazo la tatu ni la wenye pupa, wasemao tajiri apewe kiwanja upesi. Hawa wajifunze kwa Rosenwald mwenyewe. Yeye hakupenda fedha za sadaka ziwekwe milele chini ya jina la mtu aliyekufa, kwa kuwa aliamini kwamba kila kizazi kitajua haja zake kuliko wazee waliolala makaburini. Aliagiza fedha za mfuko wake zote zitumike kabla ya kupita miaka 25 tangu kufa kwake. Alikufa mwaka 1932, na mfuko ukafungwa mwaka 1948. Tajiri aliye tayari kuondoka huyo ni rafiki. Anayetaka kijiji kimhitaji siku zote yafaa atazamwe vizuri.

Habari hii si ya mbali nasi kama tunavyodhani. Walimu waliowakusanya watu wa Marekani kuchangia shule hizo, wengi wao walikuwa wale walioitwa walimu wa Jeanes, kwa jina la bibi Anna Jeanes wa Philadelphia, aliyetoa dola milioni moja mwaka 1907 kwa ajili ya shule za weusi vijijini. Mwaka 1924 tume iliyokuwa na mwalimu James Aggrey wa Pwani ya Dhahabu ilipita katika Afrika ya Mashariki, na mwaka 1925 ikafunguliwa Shule ya Jeanes huko Kabete, karibu na Nairobi, ya kuwafundisha walimu wa kuzungukia shule za vijiji. Jina lile na mfano ule vilivuka bahari.

Basi, atakapokuja kwetu mwenye biashara na ahadi ya shule, tumshukuru kwa adabu, kisha tumwulize mambo manne. Kiwanja kitaandikwa kwa jina la nani? Mwalimu atalipwa na nani mwaka wa kumi? Mtoto asiye na fedha atapokewa? Na sisi wenyewe tutatoa nini? Akiyajibu vema matatu ya kwanza, swali la nne ni letu sisi, na jibu lake hatuwezi kumwachia mtu mwingine. Shule ni ya yule aliyeitolea kitu, akabaki kuilinda wakati mjenzi amekwisha kwenda zake.